Je, Rubani wa Tajiri ni Dereva Tu?

Juma lililopita jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kutoka karakana ya reli, alinisimamisha barazani kwake akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Mwanawe wa pili ni rubani. Huendesha ndege ndogo ya injini moja, akiwachukua watalii kutoka Arusha hadi kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti, na jioni hurejea na wekundu wa nyika viatuni. Sasa kijana huyo amemwambia baba yake kwamba hataki kuishia hapo. Anataka siku moja awe rubani wa jeti ya kampuni, mojawapo ya zile ndege nyembamba nyeupe zinazowabeba wakurugenzi na matajiri na kuvuka bahari pasipo kutua.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "wewe unayeandika magazetini nifumbulie jambo hili. Nimeuza kiwanja changu cha Kibaha ili kijana asomee urubani. Je, hiyo kazi anayoililia si udereva wa tajiri tu? Si kungoja mlangoni na kofia mkononi mpaka bwana mkubwa amalize kula?"

Nilimwomba mzee anipe siku chache. Nimesoma, nimefikiri, na leo napenda kumjibu mbele yako, msomaji, maana najua kwamba hayuko peke yake. Katika nyumba nyingi za mijini yupo kijana anayeitazama ndege ikipita juu ya paa la bati, na yupo mzazi anayehesabu vibanda na viwanja alivyobakiza.

NDEGE YENYEWE

Yafaa kwanza tuijue ndege yenyewe. Jeti za makampuni zilianza kuonekana huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Lockheed JetStar iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1957, na mwezi Oktoba 1963 ikafuata Learjet, ndege ndogo ya Bill Lear, ambayo jina lake lilienea hata likawa karibu sawa na jina la ndege zote za matajiri. Sababu ya kuzaliwa kwa ndege hizi haikuwa anasa peke yake. Marekani ni nchi pana, viwanda na migodi yake imetawanyika, na mashirika ya ndege za abiria hayafiki katika kila mji. Mkurugenzi aliyetaka kukagua viwanda vitatu katika miji mitatu kwa siku moja hakuwa na njia nyingine. Anasa ilikuja, naam, tena kwa wingi; lakini kilichokuwa kikinunuliwa hasa ni wakati.

Katika miaka ya 1990 yakaanza mashindano ya masafa. Kiwanda cha Gulfstream, kilichopo Savannah katika jimbo la Georgia, kilirusha Gulfstream V mwaka 1995. Bombardier ya Kanada ikajibu kwa Global Express mwaka 1996. Zote mbili zilikusudiwa kwenda yapata kilometa 12,000 bila kutua, yaani kutoka New York mpaka Tokyo kwa mruko mmoja. Wafaransa wa Dassault nao waliendelea na Falcon zao zenye injini tatu. Hata sisi si wageni kabisa wa ndege hizi: mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali yetu ilinunua Gulfstream G550, ambayo masafa yake ni kama kilometa 12,500, ikaikabidhi kwa Wakala wa Ndege za Serikali.

Basi ndizo ndege anazoziota kijana wa jirani yangu. Tutazame ngazi ya kuzifikia.

NGAZI YA KUPANDIA

Hakuna mtu aanzaye kazi kwenye jeti ya masafa marefu. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, leseni ya rubani wa biashara hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18 na kuruka saa 200, au 150 ikiwa amesoma mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Marekani kwa kawaida hudai saa 250. Juu yake ipo leseni kubwa, ile ya rubani wa ndege za mashirika, inayodai miaka 21 na saa 1,500. Ni lazima mwombaji apimwe na daktari wa marubani na kupata cheti cha daraja la kwanza. Ni lazima pia ajue Kiingereza cha kuzungumza na waongozaji wa ndege, angalau ngazi ya nne katika ngazi sita zilizowekwa. Tena hapana budi afuzu kuruka usiku na mawinguni kwa kutegemea vyombo, pasipo kuona nje, na kuendesha ndege yenye injini zaidi ya moja.

Baada ya hayo yote, kila aina ya jeti ina kibali chake. Aliyefuzu kuendesha Gulfstream haruhusiwi kushika usukani wa Falcon mpaka asomee Falcon. Masomo hayo hufanyika zaidi ndani ya simuleta, chumba kilichotengenezwa mfano wa sehemu ya rubani, kinachotikisika na kuinama kama ndege ya kweli, ambamo mwalimu aweza kuzima injini au kuwasha moto wa bandia bila kumwumiza mtu. Mojawapo ya shule mashuhuri za aina hiyo, FlightSafety, ilianzishwa Marekani mwaka 1951 na Albert Ueltschi. Bwana huyo alikuwa rubani binafsi wa Juan Trippe, mkuu wa shirika la ndege la Pan Am. Aliona kuwa makampuni yalikuwa yakinunua ndege, lakini marubani wao hawakuwa na mahali pa kufundishwa kwa utaratibu. Basi mzee wangu aanzie hapo: mmoja wa walimu wakubwa wa urubani duniani alikuwa yeye mwenyewe "dereva wa tajiri".

Nawasihi wazazi jambo moja kuhusu fedha. Kibali cha jeti moja kubwa hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Aghalabu mwajiri ndiye alipaye, kisha humfunga rubani kwa mkataba wa kutumikia muda fulani. Kijana anayeambiwa anunue kibali hicho kwa fedha zake, ilhali hana kazi mkononi, na auleze ukoo wake nani amemwahidi kazi hiyo, na ahadi hiyo imeandikwa wapi. Vinginevyo kiwanja cha pili kitakwenda kama cha kwanza.

Wazazi wajue vilevile kwamba leseni ina uraia. Leseni ya Tanzania ni leseni halali, lakini ndege iliyosajiliwa Marekani au Ulaya huendeshwa na mwenye leseni inayokubaliwa na nchi ya usajili. Atakayevuka bahari kutafuta kazi atarudia mitihani, na baada ya mitihani atahitaji pia kibali cha kuishi na kufanya kazi.

JINA NDIYO BARUA

Sasa kazi yenyewe hupatikanaje? Zipo njia kadhaa. Wapo wanaotoka jeshini. Wapo wanaotoka katika mashirika ya abiria. Wengi hupitia makampuni ya ndege za kukodi na ndege za kubeba wagonjwa, ambako mtu huzoea kuitwa usiku, kutua mahali pageni na kupanga safari yake mwenyewe. Marekani kuna njia nyingine pia: tangu mwaka 1986 kampuni ya NetJets ilianza kuwauzia watu sehemu ya ndege badala ya ndege nzima, na makampuni ya namna hiyo huajiri marubani wengi.

Lakini katika kampuni yenye ndege moja au mbili, nafasi nyingi hazitangazwi. Kikosi chote huwa na marubani wanne au watano. Mmoja akiondoka, mkuu wao haandiki tangazo, huwauliza wenzake, "Mnamjua nani?" Hapo jina la mtu ndilo barua yake ya maombi. Fundi aliyemwona akikagua mafuta kwa mkono wake mwenyewe atasema. Mwongozaji wa ndege aliyemsikia akijibu kwa utulivu siku ya mvua atasema. Na aliyemwona akiandika katika daftari saa ambazo hakuziruka, naye atasema.

Katika usaili, mkuu wa marubani haulizi juu ya injini peke yake. Anatafuta mtu atakayekaa naye katika chumba chembamba saa 12, kisha siku nne katika hoteli ya ugenini, wasigombane. Kazi yenyewe haina majivuno yanayoonekana kwa mbali. Rubani wa kampuni hupakia mizigo ya abiria kwa mikono yake, huagiza chakula chao, hufuta meza, na pengine husafisha choo cha ndege kabla ya safari ya kurudi. Simu yake haizimwi. Siku ya harusi ya dada yake aweza kuwa angani juu ya Atlantiki. Kijana asiyeweza kubeba sanduku la mtu mwingine bila kuona haya na abaki Serengeti. Huko nako ni kazi ya heshima.

Kufikia hapa mzee wangu aweza kusema, "Sikukwambia? Ni udereva!" Avumilie kidogo.

MASAFA SI KILA KITU

Katika kampuni ndogo, siku huja ambapo tajiri humwita mkuu wa marubani na kumwuliza: "Nataka ndege itakayokwenda mbali. Ninunue ipi?" Hapo ndipo dereva na rubani huanza kuachana njia.

Vitabu vya wauzaji vimejaa tarakimu za kupendeza. Falcon 8X, kilometa 11,945. Gulfstream G650ER, kilometa 13,890. Global 7500 ya Bombardier, iliyoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2018 kwa bei ya zaidi ya dola milioni 70, kilometa 14,260. Msomaji wa haraka hutazama ramani, akaona kwamba kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilometa 11,850, akasema hata ile ya kwanza itafika. Kwa karatasi itafika. Kwa kweli, tajiri aliyeinunua kwa safari hiyo atajikuta ametua njiani kuongeza mafuta.

Sababu ni kwamba tarakimu hizo huhesabiwa kwa abiria wachache, kwa mwendo wa kiasi, na hewa ikiwa imetulia. Mabaharia wetu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya ndege kuzaliwa: chombo kinachosukumwa na upepo wa tezi si sawa na kinachopigwa na upepo wa omo. Tuseme ndege ina mafuta ya kukaa angani saa 13 na mwendo wake ni kilometa 900 kwa saa. Hewa ikitulia, itakwenda kilometa 11,700. Upepo wa mbele wa kilometa 90 tu kwa saa ukiikabili njia nzima, itakwenda kilometa 10,530. Kilometa 1,170 zimeliwa na upepo, nazo ni karibu urefu wa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma! Ndiyo maana Shirika la Ndege la Kenya lilipoanzisha safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba ilionyesha saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Njia ni ile ile; upepo wa juu wa nchi za kaskazini, uvumao kutoka magharibi, ndio uliotoza saa hiyo moja.

Masafa marefu nayo yana uzito wake. Gulfstream G650ER iliyojazwa kabisa huwa na uzito wa tani 47 hivi, na karibu tani 22 kati ya hizo ni mafuta. Ndege hiyo, ikiwa imejaa namna hiyo, yahitaji njia ya kurukia ya zaidi ya mita 1,900, tena usawa wa bahari na siku isiyo ya joto. Panda kwenye nchi ya juu, hewa ikawa nyepesi; ngojea saa nane za mchana, hewa ikapata joto na kuzidi kuwa nyepesi; injini na mabawa hupungukiwa nguvu, na njia inayohitajika hurefuka. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, lakini njia yake ina zaidi ya mita 4,000. Uwanja wa Kilimanjaro una njia ya yapata mita 3,600. Uwanja mdogo wa mjini Arusha, anakotoka kijana wetu kila asubuhi, uko juu na njia yake ni fupi. Tajiri aliyeahidiwa Arusha hadi Ulaya kwa mruko mmoja na aulize kwanza ni uwanja upi wa huko unaosemwa.

Kwa upande mwingine, ndege yenye masafa mafupi kidogo yaweza kuingia pasipoingilika. Uwanja wa London City umebanwa katikati ya majengo. Njia yake ina mita 1,508, na ndege hushuka kwa mwinamo wa nyuzi 5.5, ilhali kawaida ni nyuzi 3. Falcon 8X imeidhinishwa kutua hapo. Mfanyabiashara ambaye shughuli zake zote ziko katika mji ule, pengine kilometa 2,000 za ziada hazina faida kwake kama saa moja ya foleni anayoiepuka.

Kisha waendao mbali huchoka. Safari ya saa 14 hutaka rubani wa tatu, pengine na wa nne, na kitanda cha kulalia kwa zamu. Mishahara hiyo, mafunzo ya kila mwaka, bima, banda, mafundi na spea hulipwa hata mwaka ambao ndege imelala. Kwa hiyo rubani mwaminifu haanzi na ramani ya dunia. Huanza na daftari la safari za mwaka uliopita. Tajiri alikwenda wapi? Mara ngapi? Na watu wangapi? Alitua kwenye lami au kwenye changarawe?

Ikiwa daftari lasema alikwenda London mara mbili, lakini migodini na mashambani mara arobaini, basi kilometa 14,000 si haja yake. Uswisi hutengeneza jeti iitwayo Pilatus PC-24, iliyoidhinishwa mwaka 2017, ambayo masafa yake ni kama kilometa 3,700 tu, lakini yaweza kutua kwenye viwanja visivyo na lami. Madaktari warukao wa Australia huitumia. Ndege ya namna hiyo kwa zile safari arobaini, na tiketi ya shirika la abiria kwa zile mbili, zaweza kumtosha kabisa.

Sasa tazama mtihani ulipo, msomaji. Rubani anayetoa shauri hilo anajinyima mwenyewe. Anayeendesha ndege kubwa hulipwa zaidi, huonekana zaidi, na kibali cha ndege kubwa humfungulia milango kesho. Anaposema, "Bwana, usinunue ile kubwa," amekata tawi alilotarajia kupandia. Ndiyo "hapana" yake ya kwanza, na huisema akiwa ameketi chini, kwenye kiti cha ofisi, pasipo hatari. Asiyeweza kuisema pale hataweza kuisema mahali pengine.

NENO DOGO LENYE UZITO

Mahali pengine ni kama Aspen. Huo ni mji wa milimani katika jimbo la Colorado, ambako matajiri huenda kuteleza juu ya theluji, na uwanja wake uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, ukiwa umezungukwa na vilele. Tarehe 29 Machi 2001 Gulfstream III ya kukodi iliondoka Los Angeles kwenda huko. Abiria walichelewa kufika uwanjani, hata ndege ikaondoka zaidi ya nusu saa nyuma ya wakati uliopangwa. Kwa sheria ya uwanja, ndege hiyo ilipaswa iwe imetua kabla ya saa 12 na dakika 58 jioni, nusu saa baada ya jua kuzama. Mteja aliyeikodi alipopata habari kwamba huenda wakalazimika kutua mji mwingine, alikasirika, na hasira hiyo ikawafikia marubani. Theluji ilikuwa ikianguka. Ndege nyingine mbele yao zilishindwa kuiona njia, zikaghairi kutua na kupanda tena. Wao waliendelea. Saa 1 na dakika 1 usiku ndege iligonga kilima kabla ya kuufikia uwanja. Watu wote 18 waliokuwamo walikufa, na yule mteja miongoni mwao. Wachunguzi wa Serikali ya Marekani walipotoa taarifa yao, waliandika wazi kwamba mashinikizo ya mteja yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Tafakari hapo. Mteja yule hakutaka kufa. Alitaka kuwahi. Alilipia ndege, na kwa dakika chache alidhani amelinunua pia neno la rubani. Laiti angaliambiwa "hapana" na kupelekwa mji mwingine, angalinuna, pengine angalikataa kulipa, na asubuhi angalikunywa chai.

Yupo pia mtu mwingine ambaye rubani hana budi kumkatalia, naye ni yeye mwenyewe. Tarehe 31 Mei 2014, saa 3 na dakika 40 usiku, Gulfstream IV ilikuwa ikijaribu kuruka kutoka Bedford, karibu na Boston. Marubani wake wawili walikuwa watu wazima wa kazi, kila mmoja akiwa na zaidi ya saa 10,000 za angani, na walikuwa wameruka pamoja kwa miaka. Ndege inapoegeshwa, huwekwa kufuli la kuzuia upepo usiyumbishe vipande vya mkia na mabawa. Kufuli hilo halikufunguliwa. Kabla ya kuondoka, rubani hutakiwa kuusukuma usukani kila upande ahakikishe unakwenda. Kazi ya nukta chache. Hawakufanya. Ndege ilikimbia mpaka mwisho wa njia isiweze kunyanyuka, ikatumbukia bondeni na kuwaka moto. Walikufa wote 7.

Wachunguzi walikisoma chombo cha kumbukumbu cha ndege hiyo. Katika miruko 175 iliyotangulia, ukaguzi kamili wa usukani haukufanywa katika asilimia 98. Msomaji, isome tena tarakimu hiyo. Haikuwa bahati mbaya ya usiku mmoja, ilikuwa desturi. Watu wawili waliozoeana waliacha kukaguana, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kuwauliza.

Huo ndio upweke wa kazi hii. Katika shirika kubwa la abiria rubani ana wasimamizi, ana chama cha wafanyakazi, ana ratiba inayomlazimisha kupumzika. Katika ndege ya kampuni isiyotoza nauli, sheria za Marekani hazikumwekea rubani hata kikomo cha saa za kazi kama zilivyowawekea wa ndege za abiria na za kukodi. Mengi yameachiwa dhamiri yake. Tajiri akipiga simu saa saba za usiku, hakuna atakayesema "nimechoka, siwezi" isipokuwa yeye.

JIBU KWA MZEE

Jana jioni nilirudi barazani kwa jirani yangu nikamweleza haya yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama naijua kazi ya dereva wa treni. Nikamwambia nijuavyo ni kidogo.

"Sikiliza basi," akasema. "Nilikaa karakana miaka thelathini na moja. Ndani ya behewa la daraja la kwanza aweza kupanda waziri, aweza kupanda tajiri wa pamba. Lakini stesheni isipotoa ruhusa ya njia, treni haiondoki. Waziri atashuka, atagomba, atatazama saa yake. Dereva atamwamkia kwa heshima, na treni haitaondoka. Kumbe ndiyo kazi anayoitaka mwanangu?"

Nikamjibu kwamba ndiyo hiyo hasa, ila angani hakuna stesheni, na ruhusa ya njia huitoa rubani mwenyewe.

Akatikisa kichwa. "Basi si udereva mdogo," akasema. Kisha, kama baba yeyote aliyeuza kiwanja, akauliza: "Lakini akikataa, si atafukuzwa?"

Sikumficha. Yumkini atafukuzwa. Wapo matajiri wasiopenda kukataliwa, na wapo marubani waliopoteza kazi kwa sababu hiyo. Ndiyo maana kijana anayeitamani kazi hii yampasa kuweka akiba tangu mshahara wa kwanza, na asijenge nyumba kwa mkopo utakaomfanya aogope kufukuzwa. Mwenye deni kubwa ana ulimi mzito. Yampasa pia, siku ya usaili, aulize na yeye: "Bwana, rubani wako akisema leo haturuki, hufanyika nini?" Mwajiri akicheka kidogo na kubadili mazungumzo, kijana na aage kwa adabu, arudi kwenye vumbi lake la Serengeti. Mwajiri akijibu, "Tunalala hotelini," basi amepata kazi.

Wazazi wenzangu, nasi tuna sehemu yetu. Neno hilo dogo halifundishwi ndani ya simuleta peke yake. Mtoto aliyelelewa kuitikia kila kitu, hata lisilo sawa, ilimradi mkubwa amesema, atakuwa mtu mzima wa namna ile ile, awe rubani, mhasibu au mwuguzi. Heshima na utii ni mali ya nyumba zetu, wala sisemi viachwe. Nasema tu kwamba mwanao akikuambia kwa adabu, "Baba, basi hili limejaa mno, tungojee jingine," usimkemee mbele ya watu. Ngojeeni jingine.